Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Saa Mbili za Jioni Mjini Mpanda

Waziri wa Fedha,
Mji wa Serikali, Mtumba,
DODOMA.

YAH: OMBI LA KARANI WA MASHINE YA MPUNGA KUTAMBULIWA KUWA MTUMISHI WA UMMA KWA SAA 5 NA DAKIKA 24 KILA MWEZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa Waziri, saa 12 jioni ikifika mjini Mpanda, wapo watu wawili ambao hawafungi kazi. Wa kwanza ni karani wa mizani kwenye mashine ya kukoboa mpunga, upande wa Makanyagio. Mpunga wa Mwamkulu na Kakese haujui saa za ofisi. Gari likichelewa njiani, magunia yatapimwa usiku. Wa pili ni jirani yake, mtumishi wa ofisi ya umma, ambaye msimu wa bajeti ukianza hukaa na majalada mpaka mlinzi aanze kukohoa mlangoni. Wote wawili ni watu wa mfano. Mwandishi wa barua hii hakutaka kutaja watu wa kweli, maana watu wa kweli wana waajiri. Waitwe Karani na Jirani, basi.

Saa 2 usiku hukutana kwa mama ntilie karibu na stendi, wakala wali kwa migebuka ya Ziwa Tanganyika. Siku ya mshahara hula huku slipu zimelazwa mezani, pembeni ya pilipili. Mwezi mmoja wote wawili walikuwa wamepiga ovataimu ya shilingi 150,000. Slipu ya Karani ilionyesha kodi imepanda. Slipu ya Jirani ilionyesha kodi imekaa palepale ilipokuwa mwezi uliopita, kana kwamba zile jioni zote hakuwepo ofisini.

Karani alidhani mhasibu wa mashine amekosea. Hakukosea. Ameifuata sheria herufi kwa herufi, na hapo ndipo barua hii inapoanzia.

Kwa upande wa saa, nchi imejitahidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu. Iwe kwa makubaliano, isivuke saa 50 katika kila wiki 4, na ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida wa saa. Siku ya mapumziko na sikukuu ni mara mbili. Ikigonga saa 2 usiku, sheria inaanza kuuita usiku kwa jina lake, na kila saa inaongezewa asilimia 5 mpaka saa 12 asubuhi. Mameneja hawamo katika neema hiyo, na pengine ndiyo sababu siku hizi kuna sehemu za kazi zenye mameneja wengi kuliko mafagio.

Karani si meneja. Anaingia saa 2 asubuhi, anapumzika saa moja ya mchana, anamaliza saa 12 jioni, siku 5 kwa wiki. Ovataimu yake ni kuanzia hapo hadi saa 2 usiku kamili. Anaondoka kabla usiku wa kisheria haujaingia, kwa hiyo asilimia 5 ya usiku anaisikia tu.

Mama ntilie ndiye aliyepiga hesabu, kwa kalamu ileile ya kuandikia madeni. Mshahara wa Karani ni shilingi 487,500 kwa mwezi. Sheria inataka mwezi ugawanywe kwa 4.333 kupata wiki, na wiki igawanywe kwa saa 45. Jibu, senti zikiachwa, ni shilingi 2,500 kwa saa. Mara moja na nusu ni 3,750. Jioni 20 za saa mbili mbili ni saa 40. Saa 40 kwa 3,750 ni shilingi 150,000. Mpaka hapo Karani alikuwa bado anatabasamu.

Kisha ikaja Lipa Kadiri Unavyopata, ambayo Mpanda nzima inaijua kwa jina la payee. Kwenye mshahara unatolewa kwanza mchango wa NSSF wa asilimia 10, yaani 48,750, na kubaki 438,750. (Ovataimu mama ntilie hakuigusa kwa NSSF, alisema mchango angalau unarudi uzeeni, kodi hairudi.) Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, ngazi hiyo iliwekwa mwaka 2020. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, kiwango kilichoshushwa kutoka 9 mwaka 2021, na mkono uliokishusha ulishukuriwa wakati huo na unashukuriwa tena hapa. Kuanzia 520,000 hadi 760,000 ni asilimia 20. Bila ovataimu, basi, Karani anakatwa shilingi 13,500. Pamoja na ovataimu, kipato kinachotozwa kinafika 588,750 na kodi inafika 33,750.

Kipato kimepanda kwa karibu theluthi moja. Kodi imepanda mara mbili na nusu.

Wasomi wa kodi watasema hakuna la ajabu hapo, ndivyo ngazi zinavyofanya kazi: mwenye kingi huchangia kingi. Karani hapingani na ngazi. Kilichomshangaza ni pale anapokanyaga kipandio chenyewe. Shilingi 81,250 za mwanzo za ovataimu yake zinatozwa asilimia 8. Zilizobaki zote zinatozwa 20. Shilingi 81,250 zikigawanywa kwa 3,750 ni saa 21 na dakika 40. Kwa jioni za saa mbili mbili, dakika hiyo inaangukia jioni ya kumi na moja. Mwezi ukianza Jumatatu, ni Jumatatu ya wiki ya tatu, saa 1 na dakika 40 usiku. Kabla ya dakika hiyo, kila saa ya ziada inamwachia shilingi 3,450. Baada yake inamwachia 3,000. Gunia ni lilelile, mizani ni ileile, vumbi la pumba ni lilelile. Karani sasa ameiwekea saa ya simu mlio maalumu. Ukilia, anasimama kidogo kwa heshima ya Taifa, kisha anaendelea kupima.

Jumla ya kodi iliyotokana na ovataimu ni shilingi 20,250. Mama ntilie aliigawa kwa 3,750, akapata 5.4. Yaani katika saa zake 40 za ziada, Karani ameifanyia Serikali kazi kwa saa 5 na dakika 24. Idadi hiyo isisahaulike, kwa sababu ndiyo inayobeba ombi lote.

Sasa Jirani. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kifungu cha 7, baada ya kuhesabu kila aina ya malipo ya ajira yanayotozwa kodi, inageuka na kutaja yasiyotozwa. Humo imo orodha ambayo Karani ameikariri kama shairi la mtihani: posho ya nyumba, posho ya usafiri, posho ya madaraka, posho ya kazi za ziada, posho ya ovataimu, posho ya mazingira magumu, na honoraria. Zote hizo hazitozwi, mradi mpokeaji awe ameitumikia Serikali, au taasisi yake inayoendeshwa kikamilifu au kwa kiasi kikubwa kwa ruzuku ya bajeti ya Serikali.

Ovataimu imo, Mheshimiwa. Imetajwa kwa jina. Wachumi wanaosema kusamehe kodi ya ovataimu ni jambo gumu, halisimamiki, linavuja, watafarijika kujua kwamba Tanzania inalisimamia bila shida yoyote. Inachouliza ni nani ametia saini kwenye malipo. Kama pesa imetoka Hazina, jasho la jioni halina kodi. Kama imetoka kwenye droo ya mwenye mashine, jasho hilohilo ni mapato.

Haki itendeke pia kwa Jirani, kwa kuwa kuna watu watasoma barua hii na kudhani anaishi peponi. Mwezi huo ulikuwa wa bahati. Kwa maneno yake mwenyewe, miezi mingine msamaha wake ni wa kodi sifuri juu ya posho ambayo bado iko kwenye dokezo, na dokezo liko mezani kwa mtu aliyeko safarini. Hakuna anayetaka Jirani akatwe, wala muuguzi wa zamu katika hospitali ya mkoa. Lakini chukua muuguzi huyo na mwenzake waliyesoma naye darasa moja, huyo wa pili akiwa ameajiriwa na zahanati ya mtu binafsi mitaa miwili kutoka hapo. Usiku mmoja, malaria ileile, dripu ileile. Sheria ikija kuwaangalia haiangalii mgonjwa, inaangalia benki.

Maneno “kwa kiasi kikubwa” yamempa Karani usingizi mzuri. Sheria haikusema kikubwa ni kiasi gani. Kwa hiyo hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba Hazina iipe mashine ya mpunga ruzuku kidogo, hata ya mafuta ya jenereta, halafu wanasheria wabishane kuhusu ukubwa wake kwa miaka kadhaa huku ovataimu ikiwa imetulia. Mwenye mashine aliipenda hoja hiyo kuliko wote. Naye ana yake moyoni: akiwa na wafanyakazi 10 au zaidi anatozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi ya asilimia 3.5 juu ya malipo yote, kwa hiyo zile 150,000 za Karani zinamgharimu 5,250 nyingine. Serikali kama mwajiri haitozwi tozo hiyo ya ufundi stadi. Ndipo mtu anapoelewa kwa nini katika sehemu nyingi za mji ovataimu haionekani kwenye slipu kabisa. Inapita mkononi jioni ikiitwa ya soda, na soda haina payee. Karani ni mmoja wa wachache ambao soda yao imeandikwa. Uaminifu wa bosi wake ndio unaomkata.

Kuhusu posho ya mazingira magumu, barua hii ingependa kupumua kidogo.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Rukwa, wakati Waziri Mkuu wa nchi akiwa Mizengo Pinda, mtu wa hukuhuku. Kabla ya hapo Mpanda ilikuwa mwisho wa reli, kwa maana zote mbili za neno. Tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita kama 210, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kufuata madini ya risasi. Watu walipanda baadaye, kwa kuwa behewa lilikuwa linarudi hata hivyo. Kwa miaka mingi umeme wa mji ulikuwa wa majenereta ya dizeli. Umeme ukikatika mchana kutwa, kazi ya mchana inahamia jioni, na jioni inaitwa ovataimu. Mtumishi akiletwa kutoka mbali, Serikali ikimlipa posho kwa kuyavumilia maisha hayo, posho hiyo haitozwi kodi. Karani alizaliwa ndani ya maisha hayo, hajawahi kuletwa na mtu, kwa hiyo kwake mazingira si magumu. Ni nyumbani.

Dunia nayo imehangaika na jambo hili, na Wizara inaweza kuchagua mfano wa kuukataa. Jirani zetu Kenya walijaribu mwaka 2016: mfanyakazi ambaye kipato chake, kabla ya bonasi na ovataimu, hakikuvuka ngazi ya chini kabisa ya kodi, ovataimu yake ilisamehewa. Mwaka 2020 msamaha huo ukafutwa. Ufaransa iliondoa kodi ya ovataimu mwaka 2007 chini ya Nicolas Sarkozy, ikairudisha 2012 chini ya François Hollande, ikaiondoa tena 2019 chini ya Emmanuel Macron, na tangu 2022 kikomo cha msamaha ni euro 7,500 kwa mwaka. Mfaransa anayepiga ovataimu inabidi aanze kwa kuuliza nani yuko Ikulu.

Marekani ndiyo iliyomchangamsha Karani zaidi. Tarehe 4 Julai 2025 Donald Trump alitia saini sheria ambayo wakati wa kampeni ilinadiwa kwa maneno mafupi kwamba ovataimu haitakuwa na kodi. Sheria yenyewe ilipofunguliwa, kilichosamehewa ni ile nusu tu ya “moja na nusu”. Moja inatozwa kama kawaida. Nusu ndiyo inayoondolewa kwenye kipato, hadi dola 12,500 kwa mwaka, kwa miaka ya 2025 hadi 2028, na kwa wenye kipato kikubwa inapungua mpaka kuisha. Makato ya hifadhi ya jamii yako palepale. Kwa hiyo mfanyakazi wa Chicago, akiwa amechoka, anachukua ovataimu yake yote ya mara moja na nusu na kuigawa kwa 3 ili kuipata ile nusu.

Mama ntilie aliihamishia hesabu hiyo Mpanda papo hapo. 150,000 zikigawanywa kwa 3 ni 50,000. Zikiondolewa kwenye kipato cha Karani, zinatoka kwenye kile kipande cha asilimia 20, na kodi inapungua kwa shilingi 10,000. Sahani kadhaa za wali kwa migebuka. Yeye mama ntilie alionekana kuiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote.

Pingamizi moja ni la kweli na lisifichwe. Ukisamehe ovataimu kwa kila mtu, kesho asubuhi mwenye mashine mjanja atashusha mshahara na kukipa kilichobaki jina la ovataimu. Wafaransa waliweka kikomo cha euro, Wamarekani cha dola. Tanzania, bila kukusudia, ilikwisha kuweka kikomo kizuri kuliko vyote viwili: saa 50 kwa wiki 4, imo katika sheria ya ajira tangu 2004. Kwa Karani ni shilingi 187,500, haizidi hata akilala kwenye mizani. Sheria mbili za nchi moja zingehitaji tu kusomwa siku moja kwenye meza moja. Tatizo ni kwamba moja iko kwa watu wa kazi na nyingine kwa watu wa fedha, na Mtumba ni pakubwa.

Kwa kuwa mkutano wa meza hizo mbili unaweza kuchukua muda, Karani anawasilisha ombi jepesi zaidi, lisilohitaji kubadili hata nukta ya Sura ya 332.

Imeshaonekana kwamba kwa saa 5 na dakika 24 kila mwezi anaifanyia Serikali kazi. Malipo ya saa hizo hayaoni hata kivuli chake. Mwenye mashine anayapeleka TRA kabla ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Huo ni utumishi wa umma, tena bila uhamisho, bila semina na bila gari. Anayeitumikia Serikali, ovataimu yake haitozwi kodi. Kwa hiyo saa hizo zisamehewe.

Jirani, ambaye ana uzoefu wa majalada, aliona kasoro mara moja. Saa hizo zikisamehewa, Karani hatakatwa. Asipokatwa, hatakuwa ameifanyia Serikali kazi. Kama hakuifanyia Serikali kazi, msamaha unaanguka, anakatwa tena 20,250, na hapo anakuwa tena mtumishi wa umma anayestahili msamaha. Mama ntilie aliizungusha hesabu hiyo mara tatu nyuma ya daftari la madeni, kisha akasema wali unaungua.

Karani haoni kasoro hapo. Anaona jalada ambalo halitafungwa kamwe, na kwa anavyoelewa yeye, jalada la namna hiyo huhitaji afisa wa kulishughulikia baada ya saa za kazi. Yuko tayari kuwa afisa huyo. Angelipwa ovataimu.

Ombi linawasilishwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani wa Mizani
(mtumishi wa umma wa muda, saa 5 na dakika 24)

Nakala:
Meneja wa TRA, Mkoa wa Katavi: aione na kuihifadhi jaladani.
Ofisi ya Kazi: kwa taarifa kuhusu saa 50.
Jirani: asiifungue kabla ya saa 12 jioni.
Mama ntilie, stendi: sahani mbili za Jumatatu ya wiki ya tatu ziandikwe kwa jina la Hazina.